Karatasi ya Nne

Mtoto wa Germana aliishi siku tisa. Siku ya kumi alizikwa nyuma ya zizi, na kuanzia hapo hakuna mtu wa kijiji cha Ganako aliyekanyaga tena uwanja wa Tluway, mume wa Germana. Hawakuwa wamegombana na mtu. Ni desturi ya Wairaqw iitwayo meeta: nyumba iliyofiwa namna ile hukaa peke yake, wakati mwingine mwaka mzima. Haichoti maji pamoja na wengine, haiombi moto kwa jirani, haishikani mkono na mtu njiani, mpaka wazee waseme uchafu wa kifo umekwisha. Padri alikuwa akiipiga vita desturi hiyo miaka nenda miaka rudi. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaitika amina, kisha wakarudi makwao kwa njia ya kuzunguka ili wasipite karibu na kwa Tluway.

Marsela, binti mkubwa wa nyumba hiyo, alikuwa darasa la saba. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Jumatatu baada ya mazishi alikwenda shule kama kawaida, na dawati alilozoea kukalia na wenzake wawili likawa lake peke yake. Jumanne watoto ishirini hawakuja. Jumatano wazazi watatu walisimama mbele ya ofisi ya Mwalimu Piusi, wakamwambia kwa upole kabisa kwamba binti yule hawamchukii, tena wanamwonea huruma, ila achague: ama yeye, ama watoto wao. Upole wa namna hiyo unatisha kuliko matusi.

Mwalimu Piusi alikuwa Mwiraqw kama wao, na mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba. Tusimseme, naye aliogopa. Lakini alijua pia kwamba katika miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kupata mtoto mwenye kichwa kama cha Marsela, na kumwacha akae nyumbani kulimwuma kama mtu anayetazama mahindi mazuri yakiliwa na nguruwe. Alikuwa na rafiki aliyesoma naye chuo cha ualimu, Saruni, aliyefundisha shule ya bweni juu kule Ngorongoro, kwa Wamaasai. Akamwandikia. Barua ya uhamisho ilipitia ofisi mbili na kukaa wiki nzima mfukoni mwa dereva aliyeisahau, lakini ikafika.

"Wamaasai hawana meeta," Mwalimu Piusi alimwambia Tluway, akiwa amesimama mbali, ng'ambo ya ua. "Kule atakula na watu."

Siku ya kuondoka, Germana alimshika bintiye kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda tayari. Tangu mazishi hakuwa amezungumza na mwanamke mwenzake hata mmoja, yeye aliyekuwa hawezi kupita kisimani bila kucheka na mtu.

"Usirudi hapa kabla hujapata sekondari," alisema. "Ukirudi mikono mitupu utakaa humu ndani na mimi. Watakusahau kama walivyonisahau."

Marsela aliyachukua maneno hayo, akapanda nayo lori la mahindi. Mkononi alikuwa na karatasi tatu alizopewa na mwalimu, zimekatwa kwenye mifuko ya saruji kwa sababu madaftari yalikuwa hayapatikani.

Kuhusu hizo karatasi. Mwalimu Piusi hakuwa bingwa wa Kiingereza. Alikijua kwa macho zaidi kuliko kwa masikio, na shule yake ilikuwa na nusu ya kamusi tu, isiyo na jalada. Basi akabuni njia yake: aliyatafuta maneno yanayobeba herufi zilezile tumboni, akayapanga pamoja, kila neno na maana yake pembeni. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya e-a-r. Ear, sikio. Hear, sikia. Fear, hofu. Near, karibu. Year, mwaka. Dear, mpendwa, tena ghali. Bear, kubeba. Heart, moyo. Tear, chozi, na pia kurarua. Ya pili ilikuwa ya i-g-h-t, yenye usiku na nuru na vita na haki ndani yake, na ya tatu ilikuwa ya e-a-d. Marsela aliyajua yote kwa mpigo mmoja, kama watoto wanavyojua katekisimu, bila kuona chochote.

Shule ilikuwa kwenye kilima chenye ukungu, na baridi yake iliingia mpaka kwenye meno. Wasichana wa darasa la saba walikuwa saba tu. Walimcheka Mmbulu huyu, kama walivyowaita Wairaqw, mwenye sweta la baba yake, naye Marsela, kwa kuogopa kwamba siku moja watakuja kujua wenyewe, akawaambia ukweli jioni ya kwanza. Nyumba yetu ina kifo, alisema, msile na mimi. Kisha akachukua sahani yake ya ugali na maziwa, akaenda kukaa kizingitini.

Msichana mmoja mrefu akamfuata, akaketi, akatia mkono katika sahani ileile. Jina lake Namunyak, binti wa mzee Moloimet ambaye boma lake lilionekana kutoka pale shuleni.

"Kifo cha nani?" aliuliza.

"Cha mdogo wangu."

"Kwetu wamekufa watatu," Namunyak alisema. "Kula."

Marsela alikula huku akilia, na hakuona aibu. Ulikuwa mwezi wa pili tangu mtu asiye wa nyumba yao akae naye karibu kiasi cha kugusana mabega. Tangu jioni hiyo walikula sahani moja na kunywa kikombe kimoja, na mtu akimtafuta mmoja alimtafuta mwenzake.

Namunyak ndiye aliyezifanya zile karatasi zipate uhai. Alipoonyeshwa ile ya kwanza aliweka kidole juu ya e-a-r, akateremka nacho neno kwa neno, akacheka.

"Hawa ni ng'ombe wa boma moja," alisema. "Alama ni moja, tabia mbalimbali. Huyu anatoa maziwa, huyu anapiga teke. Huwezi kuwajua kwa alama. Alama inakuambia wa nani tu. Lazima umtazame kila mmoja usoni."

Jumamosi walipokwenda kuni waliyaswaga yale maneno mbele yao kama kundi. Fear alikuwa yule ndama anayegoma kuingia mtoni. Bear alikuwa punda, kwa kuwa ndiye mbebaji, na Namunyak alilalamika kwamba punda hana haki ya alama ile lakini basi. Year alikuwa ng'ombe mzee anayezaa kila mwaka. Tear walikuwa wawili, mmoja macho yake yanatoka maji daima, mwingine ameshararua ua wa watu. Kufikia mwezi wa nane walikuwa wamelijua kundi lote, na Marsela, aliyekuwa akikariri tu, akaanza kuyaona maneno kila mahali alipotupa macho. Nathubutu kusema hakuwahi kufurahi hivyo maishani mwake.

Walikuwa wakisema tutakwenda sekondari wote. Walisema hivyo mpaka siku Mwalimu Saruni alipoingia darasani na kuufunga mlango.

"Mwaka jana shule yetu ilipewa nafasi tatu," alisema. "Wavulana wawili, msichana mmoja. Mwaka huu sitegemei zaidi. Nawaambia mapema ili asije mtu akanilaumu."

Jioni hiyo Namunyak alimweleza Marsela jambo ambalo hakuwa amelisema. Kulikuwa na mtu Engaresero, chini kule kwenye ziwa la magadi. Ng'ombe wake wa mahari walikuwa katika boma la Moloimet tangu masika.

"Baba amesema serikali ikinichukua, atawarudisha. Si mtu mbaya, baba. Isiponichukua, naenda."

"Unamjua huyo mtu?"

"Nimemwona. Ana meno machache." Namunyak alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nilikwenda kulala nikiwa na miaka saba, nikaamka naambiwa serikali inataka mtoto mmoja kila boma aende shule. Baba akanitoa mimi kwa sababu nilikuwa simfai kwa lolote. Sasa ndiyo nimejua kusoma. Sitaki kwenda kusahau."

Marsela alimshika mkono. Moyoni mwake, hata hivyo, alikuwa akihesabu. Namunyak alikuwa mbele yake katika hesabu kila wiki. Katika maarifa walikuwa sawa. Kiswahili Marsela alimzidi kidogo. Kulibaki Kiingereza.

Karatasi ya nne ililetwa na dereva wa lori katikati ya mwezi wa tisa, ndani ya bahasha, na Marsela aliipokea akiwa peke yake barabarani. Mwalimu Piusi alikuwa ameandika barua fupi. Mama yako hali chakula vizuri, ilisema, na wazee wanasema meeta ni mpaka mavuno mengine. Baba yako amekwenda kwao mara mbili na hawakumtolea kigoda. Halafu: Haya hapa ni maneno magumu kuliko yote, alama moja lakini kila moja lina sauti yake. Yameulizwa miaka miwili mfululizo. Yashike, mwanangu, maana wengi wataangukia hapo.

Chini yalipangwa, yote ya o-u-g-h. Though, ingawa. Through, kupitia ndani. Tough, gumu. Rough, lenye mikwaruzo. Cough, kikohozi. Enough, ya kutosha. Thought, wazo. Brought, alileta. Bought, alinunua. Drought, ukame.

Aliisoma mara tatu pale barabarani. Kisha akaikunja, akaiingiza ndani ya soksi, na hilo ndilo jambo alilolifanya. Hakuna aliyemlazimisha. Alijiambia kwamba atampa Namunyak kesho, yeye aishike kwanza, maana barua ni yake na mwalimu ni wake. Kesho yake akajiambia bado hajaishika vizuri. Keshokutwa akamkumbuka mama yake amekaa ndani ya nyumba yenye mlango ambao hakuna anayeugonga, akaona kwamba kugawana karatasi ile ni sawa na kuufunga ule mlango kwa nje. Mtu akitaka kutenda uovu hakosi mama wa kumsingizia.

Aliificha katika mto wake uliojazwa majani makavu. Alikuwa akiichukua mchana, wakati wenzake wanafua, akaenda kuisomea nyuma ya tangi la maji. Jioni alirudi kwenye sahani ileile na kikombe kilekile, na ugali akawa anaumega bila kuula.

"Unaumwa?" Namunyak alimwuliza.

"Hapana."

"Mwalimu wako hajaleta mengine? Hawa tuliowazoea wamenenepa. Tunahitaji kundi jipya."

"Hajaleta," Marsela alisema.

Namunyak alimtazama kidogo, akaendelea kula.

Wiki ile ukungu ulikuwa mzito na Namunyak akapata mafua. Alikohoa darasani, akakohoa mstarini, na kila alipokohoa Marsela aliliona lile neno limeandikwa mbele ya macho yake, herufi kwa herufi, na maana yake ikitoka kifuani mwa rafiki yake. Mvua za vuli zilikuwa hazijaja. Nyasi za kilimani zilikuwa nyeupe, na wachungaji walikuwa wakiongea habari moja tu, kwa hiyo hata akitazama nje ya dirisha alilikuta neno jingine la karatasi ile likimtazama. Alitaka kusema. Mara mbili alifungua kinywa. Mara zote mbili aliwaza kwamba sasa amechelewa, kwamba akitoa karatasi leo itabidi aeleze ilikuwa wapi jana, na aibu hiyo ikamtisha kuliko dhambi yenyewe. Alijichukia, na bado kila mchana alikwenda nyuma ya tangi.

Siku ya mtihani wasimamizi walikuja na bahasha zenye lakiri. Karatasi ya Kiingereza ilipofunguliwa Marsela aliigeuza moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho, na pale yalikuwepo, maswali matano, yote ya kundi lile. Sentensi moja ilizungumzia mwaka usio na mvua, mtu achague jina lake. Mkono wake ulijaza wenyewe. Alipomaliza aliinua macho. Namunyak alikuwa madawati mawili mbele, mgongo umenyooka, penseli imesimama hewani. Ilisimama hivyo muda mrefu sana, kisha ikashuka polepole na kuandika.

Walipotoka nje Namunyak alikuja kwake moja kwa moja.

"Lile la mwaka usio na mvua," alisema. "Niliwekewa majina manne. Matatu sikuyajua. Nikaona tear, yule wetu, nikachagua huyo. Mvua isiponyesha si watu wanalia?"

Marsela alisema ndiyo, wanalia.

"Basi labda nimepata," Namunyak alisema.

Majibu yalifika mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili, Marsela akiwa bado pale shuleni kwa agizo la mama yake. Mwalimu Saruni aliyasoma barazani, akiwa ameishika karatasi karibu na uso ingawa macho yake yalikuwa mazima. Wavulana wawili. Msichana mmoja, Marsela Tluway. Watu walimpigia makofi. Mama yake angejua kabla ya Jumapili. Alisubiri furaha ije, haikuja.

Alimfuata mwalimu ofisini. "Namunyak alikosa kwa alama ngapi?"

"Hawatuambii," Saruni alisema. "Huenda mbili, huenda hamsini. Wanaleta majina tu."

"Hakuna mahali pa kuuliza?"

"Marsela, hata mimi ningependa kujua. Nimemfundisha miaka saba." Akageuza uso, akatazama nje ya dirisha. "Wanamchukua kesho."

Asubuhi iliyofuata Marsela alikwenda kwa mzee Moloimet. Lori la kushuka Karatu, la kumrudisha kwao, lilikuwa liondoke saa tano. Bomani walikuwa wamejaa watu, na harufu ya nyama ilikuwa imetanda mpaka njiani. Aliinamisha kichwa mbele ya mama yake Namunyak kama alivyofundishwa, mama akamgusa utosini, akamwonyesha nyumba.

Namunyak alikuwa ameketi ndani, karibu na mlango penye mwanga. Walikuwa wamemnyoa nywele na kumpaka mafuta yenye udongo mwekundu, na shanga zilimjaa kuanzia kidevuni mpaka kifuani, hata kugeuza shingo ilikuwa kazi. Alionekana mkubwa. Marsela alipiga magoti.

"Nimekuja kukuambia kitu. Mwezi wa tisa Mwalimu Piusi alinitumia karatasi nyingine. Maneno yale matano yalikuwemo. Nilikudanganya."

"Najua," Namunyak alisema. "Nilikuona nyuma ya tangi."

Marsela aliyekuwa amejiandaa kwa hasira hakuwa amejiandaa kwa hili. "Mbona hukuniomba?"

"Niliomba. Nilikuuliza kama ameleta mengine." Namunyak alisema taratibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Ukasema hajaleta. Nikasema moyoni, anayo sababu, atanipa kesho. Kesho yake nikasema hivyo tena. Nilisema hivyo mpaka walipofungua zile bahasha."

"Ungeweza kuichukua. Ilikuwa katika mto wangu. Ungeichukua tu."

"Ilikuwa yako."

Nje wanawake walianza kuimba, na mtu akaliita jina la Namunyak. Marsela alimshika mkono, mafuta mekundu yakamjaa viganjani. Alisema amemkosea, alisema hajui atafanya nini, alisema atamwandikia, na alipolisema hilo alisikia lilivyo la kipuuzi, maana barua za kwenda boma la Engaresero zingepita wapi. Mwishoni aliuliza kile alichokuja kuuliza.

"Utanisamehe?"

Namunyak alifungua kinywa. Lakini mama yake alikuwa ameshaingia na kibuyu cha maziwa kilichozibwa kwa majani mabichi, na nyuma yake wanawake wawili, wakamwinua bi harusi kila mmoja kwa mkono wake, wakamtoa nje kwenye jua.

Mume alikuwa pale, mtu wa makamo aliyesimama na fimbo yake, na mwenzake wa kumsindikiza. Mzee Moloimet alimtemea binti yake mate ya baraka kichwani na kifuani. Kisha msafara ukaanza, mume mbele, msindikizaji nyuma, Namunyak katikati akitembea hatua ndogondogo. Waliteremka kuelekea bonde ambalo njia ya Engaresero huanzia.

Marsela alisimama langoni mwa boma. Mbali barabarani lori lilipiga honi, likapiga tena. Hakuondoka, alikuwa akisubiri rafiki yake ageuze kichwa, hata kidogo, apate jibu lake, la kheri au la shari. Namunyak hakugeuka. Bi harusi wa Kimaasai akitoka kwa baba yake hatazami nyuma, wanasema atageuka jiwe, na kila mtu pale alilijua hilo, Marsela naye alilijua. Kwa hiyo hakujua kama ni desturi iliyomzuia, au ni yeye mwenyewe hakutaka.